Nobert Thembo na Jeni za Pili, 1981–2018

Marehemu Nobert Thembo alizaliwa Karusandara, wilayani Kasese, tarehe 14 Machi 1981, kwa Mzee Jonan, aliyekwisha kututangulia, na Mama Loyi. Alikuwa mwana wa kiume wa tano, na kwetu Wakonzo mwana wa tano huitwa Thembo. Mwaka 1983 akafuata wa sita, Mbusa. Wawili hao walikula sahani moja na kuchapwa fimbo moja.

Alisoma shule ya msingi Karusandara, sekondari mjini Kasese, na mwaka 2006 akapata shahada ya biolojia Kampala. Mbusa aliacha masomo mapema akaenda Hima kupakia saruji kwenye malori. Husema akili zote alichukua Nobert, nasi humkatalia.

Kuanzia mwaka 2011 Nobert alifanya kazi katika maabara moja Kampala, akijenga hifadhidata ya jeni zilizojirudia katika mimea na wanyama, kuanzia kahawa na ndizi hadi mbuzi wetu hawa. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila kiumbe, na mengine huwa na nakala mbili au zaidi. Mwenzake Abubaker, akiwa mgeni kazini, alidhani ni makosa ya kompyuta akafuta zote za pili. Nobert alicheka, kisha akahangaika kuzirudisha. Alipokuja likizo alimsimulia mama yake jikoni, Mbusa akisikia.

"Mama, hii ya pili si makosa. Moja ikiharibika, ingine inashika kazi."

"Basi Mungu alifikiri mbele," akajibu Mama Loyi, akiendelea kumenya matoke.

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa Bwera na Benedicte, mzaliwa wa Butembo aliyekuwa akiuza vitenge Mpondwe. Walijaliwa binti mmoja, Yayeri.

Mwaka 2017 madaktari walisema figo zake zote mbili zimeharibika. Kati ya ndugu waliopimwa, ni Mbusa tu aliyefaa kumtolea figo. Mbusa alifurahi kama aliyeitwa harusini. Nobert akakataa.

"Wewe ndiye ulisema ingine inashika kazi, basi moja inanitosha!" Mbusa alimfokea. "Chukua!"

"Abubaker pia aliona ya pili ni ya bure. Wewe unabeba saruji, uko na watoto. Yako ibaki."

Tulimsihi, tukamletea mchungaji, tukamnunia. Iliuma, na bado inauma. Wengine wetu hatujamsamehe, na kulisema hili mbele ya jeneza lake si kumkosea heshima. Mbusa alisusa kumtembelea mwezi mzima, kisha akarudi na kumuuguza mpaka mwisho. Nobert alifariki nyumbani kwake Bwera, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2018, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mbusa.

Abubaker, tuliye naye hapa, ameahidi kuiendeleza kazi yake.

Marehemu ameacha mama yake Mama Loyi, mjane wake Benedicte, binti yake Yayeri, kaka wanne, dada yake Mariat, anayewasomea haya, na mdogo wake Mbusa. Jana Yayeri aliuliza nani atampeleka shule sasa. Mbusa alimjibu, hasira ikiwa bado haijamtoka:

"Ni mimi. Unafikiri baba yako aliniachia zote mbili za nini?"

Lala, Thembo. Mungu akupe pumziko.