Moto wa Majilio wa Felisita Mwanabaraka

Marehemu Felisita Mwanabaraka, tunayemzika leo Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1889, alizaliwa Ukwere, upande wa Msata. Mwaka hakuna aliyeuandika. Mwenyewe akiulizwa alijibu kuwa ni mkubwa kuliko wote wanaouliza. Watekaji walimkamata akiwa binti mdogo, wakamshusha Bagamoyo, na mwaka 1870 mapadre wa misheni wakamkomboa. Wazazi wake hakuwaona tena.

Darasani alijifunza sala, kushona, na kubishana. Padre alipofundisha kuwa Majilio ni majira ya kumngoja Bwana, wenzake waliongeza sala. Yeye alizisali zote, kisha akaweka nadhiri ya jikoni: tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio hadi Noeli, moto wake hautazimika, maana mgeni hapokelewi kwa jiko baridi. Jioni aliyafukia makaa kwenye majivu, alfajiri akayafukua, na jirani aliyeamka hana moto alikuja na kifuu cha nazi kupalia makaa.

Alilima shamba la misheni miaka yote. Tarehe 9 Februari 1874 alifunga ndoa na Mikidadi, seremala. Majilio yao ya kwanza Mikidadi alilalamika kuwa moshi unampofusha. Ya pili, yeye ndiye aliyekwenda kutafuta magogo ya mkwaju. Walijaliwa binti mmoja, Bimdogo.

Majilio ya mwaka jana yaliingia vita ikiwaka. Watu wa mjini walikimbilia misheni, vibanda vya makuti vikabanana uwanja mzima, na msimamizi wa kijiji akapita akiamuru mioto izimwe.

"Mama, zima," alimwambia. "Cheche moja tu, tumekwisha sote."

"Kuhamisha nitahamisha, bwana. Kuzima sizimi."

Akachimba shimo mbali na vibanda, akalizungushia ukuta wa udongo, akaezeka bati bovu juu yake, akaketi hapo na mtungi wa maji, jua lake na mvua yake. Msimamizi alikuja kukagua, akarudi kukagua, mwisho akaja na kifuu.

Alfajiri moja akaja Mwanaharusi, mke wa mvuvi, Mwislamu wa mjini, ambaye zamani akikutana na watu wa misheni njiani alitazama pembeni. Alikuwa mjamzito, na kuni zake zimelowa.

"Shikamoo, mama. Naomba moto. Lakini mimi si wa dini yako."

"Marahaba, mwanangu. Mimi namngoja Mungu, naye hakuniambia atakuja na sura gani. Lete kifuu."

Kabla Mwanaharusi hajaondoka na makaa, uchungu wa kuzaa ukamshika. Maji ya kumwogesha mtoto yalichemshwa kwenye shimo lile. Mtoto ni Mwanvita, huyu anayejifunza kutembea katikati yetu. Tangu siku hiyo marehemu alisema waziwazi kuwa yeye amekwisha kumwona Mungu, alikuja kuomba moto.

Mwezi uliopita alishikwa na homa na kichomi. Majilio yalipoanza hakuweza kusimama, lakini amri zilitoka kitandani: "Bimdogo, geuza gogo! Au mpaka nife ndipo uamke?" Kufa hakukumtisha. Kilichomkera ni desturi yetu ya pwani, kwamba nyumba ya msiba haiwashi jiko, majirani ndio wanaopika.

"Nikifa kabla ya Noeli mtauzima," alisema juzi, akalia. Hatukuwahi kumwona akilia.

Mwanaharusi alikuwa amemshika mkono. "Mama Bimdogo, desturi inasema jiko la msiba lisiwake. Haikusema moto usihame. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Marehemu akacheka mpaka kikohozi kikamzidi. Aliaga dunia jana Alhamisi, alfajiri, saa ya kufukua makaa. Mwanaharusi aliyafukua yeye, akayatia kifuuni, akaenda nayo kwake. Chakula mtakachokula matanga haya kimepikwa kwa moto huo, na siku ya mkesha wa Noeli moto utarudishwa jikoni ulikotoka.

Ameacha mume, Mikidadi, binti, Bimdogo, na Mwanvita, aliyemwita mjukuu bila kumwuliza mtu.

Mungu uliyemngoja akupokee, mama, akupe raha isiyo na mwisho. Lala. Moto upo.