Mama Kufuli na Kompyuta ya Wodi ya Nne

Ndugu waombolezaji, mpendwa tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mshona nguo, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1995 akahitimu shahada ya kompyuta katika chuo alikokutana na mwanafunzi wa hisabati, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili, wa mwaka 2000 na wa 2004.

Tangu 1996 alifanya kazi hospitalini, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya mashuka, akilipatia kila faili la mgonjwa ngazi yake ya siri, na kila kompyuta ngazi yake ya kuaminiwa, ili faili la siri lisifunguke kwenye kompyuta isiyoaminiwa, hata aombe mkurugenzi mwenyewe. Wenzake wakamwita Mama Kufuli, naye akawajibu kwamba mitambo haina shemeji.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na tarehe 22 Mei 2023 akalazwa wodi ya nne, ambako kompyuta ilikuwa mpya na haijaaminiwa bado, maana idhini ya kazi hiyo alikuwa nayo yeye peke yake, na ugonjwa ulimwahi. Basi kila dawa yake ya maumivu ilipohitaji kubadilishwa, daktari alivuka uwanja hadi kompyuta iliyoaminiwa ya jengo la kumbukumbu kusoma faili lake, naye akimsubiri ameng'ata shuka. Mume wake alipiga magoti kando ya kitanda, akamsihi ashushe ngazi ya faili hilo moja tu, akajibiwa, Baba Watoto, nikilegeza langu, la huyu jirani yangu nitalikazaje?

Tarehe 13 Juni aliomba kiti cha magurudumu, mume wake akamsukuma hadi meza ya wauguzi, naye akaandika kwa kidole kimoja huku msaidizi wake wa kazini amemshika kiwiko, akaipa kompyuta ile ngazi yake, kisha akaijaribu kwanza kwa jina la mtu asiye na ruhusa, na ilipogoma akacheka, akasema, imekataa vizuri.

Faili la kwanza kufunguliwa hapo lilikuwa lake, asubuhi ya tarehe 14, na daktari alilifungua ili aandike saa ya kufariki.

Familia inamshukuru daktari huyo, aliyevuka uwanja ule kwa kukimbia, wauguzi, majirani waliowaangalia mabinti usiku, na wenzake wa chumba kisicho na dirisha, na mume wake anaomba kwa sasa asiulizwe anaendeleaje.

Pumzika, Mama Kufuli, kwa amani ambayo si zamu yako kuilinda.