Marehemu Erasto Makokha na Mpaka wa Kambi Tangi

Erasto Makokha Nyongesa alizaliwa tarehe 4 Juni 1931 mjini Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yetu, marehemu Mzee Nyongesa, alikuwa akibadilisha njia za garimoshi. Alikuwa kifungua mimba wa Mama Rasoa Nafula, ambaye yuko nasi hapa leo.

Alisoma shule ya misheni mjini Nakuru, kisha akapelekwa kwa mjomba wetu huko Kimilili, akaendelea hadi kidato cha pili. Karo ilipokosekana mwaka 1950 alirudi Nakuru. Alikuwa na mwandiko mzuri na mkono usiotetemeka, na kwa sababu hiyo mwaka 1952 aliajiriwa katika ofisi moja ya serikali kunakili ramani.

Tarehe 14 Desemba 1957 alifunga ndoa na Eucabeth Adero, binti wa fundi wa reli. Mchungaji alipofurahi kwamba kanisa limejaa, bwana harusi alimjibu kwa upole, "Tuko mia moja arobaini na watatu, Mchungaji, na wawili wako mlangoni." Shemeji Eucabeth anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na mtu wa namna gani. Walipewa nyumba mtaani Bondeni kupitia kazi yake, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Peninah.

Katika hesabu ya watu ya Agosti 1969, Erasto alisimamia makarani kwenye mashamba ya upande wa Molo. Karani mmoja aliugua, basi akaenda mwenyewe kuhesabu Kambi Tangi, kijiji cha vibarua wa shamba la pareto. Aliandika familia tisini na saba, watu mia tano thelathini na wanane. Mvua ilimkuta huko, na mama mjane aitwaye Jelagat akampa maziwa ya moto na mahali pa kukausha karatasi zake.

Yanayofuata, ndugu yangu aliniomba niyasome bila kuyapunguza.

Mwaka 1973 ofisi ilitakiwa kupanga upya mipaka ya wadi kabla ya uchaguzi wa madiwani. Erasto ndiye aliyetayarisha hesabu. Alilinganisha idadi ya watu na daftari la wapiga kura, kijiji kwa kijiji, kisha akachora kwa penseli ili wadi zikaribiane kwa wingi wa watu. Kambi Tangi aliiweka pamoja na shule iliyokuwa karibu nayo, mahali pa kupigia kura. Mkubwa wake alitazama ramani, akasema, "Hawa wa Tangi wapeleke ng'ambo ya mto."

"Bwana, ng'ambo kituo kiko maili kumi na moja. Na daraja liko mbali."

"Hao ni vibarua tu. Leo wapo, kesho hawapo. Chora, Makokha."

Ofisini walijua kuna mgombea aliyeziogopa kura za kijiji hicho. Erasto alichora. Aliniambia baadaye, "Naftali, sikudanganywa. Nilijua. Niliifikiria nyumba, nikawafikiria watoto, nikachukua wino."

Siku ya kura, Oktoba 1974, watu wa Tangi walifika shuleni wakaambiwa majina yao hayapo. Wengine walianza safari ya ng'ambo kwenye matope, wakakuta kituo kimefungwa. Mwaka uliofuata shamba la pareto lilipogawanywa, kila diwani alitakiwa kuleta orodha ya wakazi wake wa kupewa ardhi. Diwani wa huku alisema Tangi si watu wake. Yule wa ng'ambo alisema shamba haliko kwake. Nyumba zao zikabomolewa.

Februari 1976 Jelagat alikuja ofisini, akamtafuta aliyewaandika. Alisimama mbele ya meza yake. "Wewe ulituhesabu. Ulikunywa maziwa kwangu. Sasa wanasema hatukuwahi kukaa pale. Tulikuwa wapi?"

Kwa wiki nzima, shemeji alirudisha jikoni sahani za mumewe zikiwa hazijaguswa. Kisha Erasto alichukua nakala ya ramani yake ya penseli pamoja na hesabu ya 1969, akaandika barua yenye jina lake, akaeleza alichokifanya na aliyemwagiza. Aliipeleka mwenyewe kwa kamati ya kugawa mashamba. Familia arobaini na moja zilipewa ardhi. Hamsini na sita ziliambiwa mashamba yamekwisha. Jelagat alikuwa miongoni mwa hao.

Mwezi wa Mei alifutwa kazi, na familia ikatoka Bondeni. Walipanga chumba kimoja, naye akaishi kwa kuandikia watu barua mjini. Sote hatukumwelewa. Mimi mwenyewe nilimwambia amewaumiza watoto wake kwa ajili ya watu wasiomhusu. Maneno hayo siwezi kuyarudisha.

Alianza kuugua presha mwaka 1977. Tarehe 20 Februari 1978 alipooza upande wa kulia na kulazwa hospitalini Nakuru. Jelagat alikuja kumwona. Kwa taabu Erasto akamuuliza, "Umepata?"

"Bado, baba Peninah."

Aligeuza uso ukutani. Mama huyo hakuondoka. Aliketi kando ya kitanda mpaka wauguzi walipowatoa wageni. Erasto alifariki tarehe 9 Machi 1978, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Ameacha mama yake, Rasoa Nafula. Mjane, Eucabeth Adero. Watoto Peninah Nekesa, Joash Wanyonyi na Lydia Achieng. Na mimi mdogo wake, Naftali Khaemba. Ameacha pia orodha ya zile familia hamsini na sita, aliyoiandika kwa mkono wa kushoto akiwa kitandani. Iko kwa shemeji. Aliye na nafasi ya kuifikisha mbele ya kamati ya mashamba, aje aichukue leo kabla hatujatawanyika.

Mungu amhurumie ndugu yetu Erasto, na ampe amani aliyoikosa miaka yake ya mwisho.