Historia ya Mwalimu Kassian, Mtunzi wa Kisa cha Msasi na Mbwa Mwitu

Baba Paroko, ndugu na majirani, mimi ni Albina, mtoto wa kwanza wa marehemu, ninasoma kwa sababu baba mdogo amejaribu akashindwa.

Mwalimu Kassian Eusebio alizaliwa Nachingwea tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa msasi, akasoma hukohuko hadi kidato cha nne, akahitimu ualimu Mtwara mwaka 2002, akafundisha Nambilanje, na tangu 2011 hapa Matambarale. Alifunga ndoa na mama yetu Dafrosa tarehe 8 Oktoba 2005, wakajaliwa watoto wawili, mimi niliyeishia kidato cha pili, na Brigita wa darasa la pili.

Mwaka jana alimaliza riwaya yake ya watoto, ambamo mbwa mwitu anamsogelea msasi mchana kweupe bila woga, msasi anashusha bunduki, anamnyooshea mkono, wanakuwa marafiki. Babu, msasi mwenyewe, aliposomewa alicheka, akasema, "Kassi, mnyama wa porini akikosa woga, huyo mgonjwa." Baba akamjibu, "Mzee, hiki kitabu cha watoto." Wanafunzi wake waliupenda ukurasa ule hadi wakaukariri.

Tarehe 3 Agosti 2025 mbwa mwitu aliingia kijijini mchana, anayumba, mate yanamtoka, na Brigita akamnyooshea mkono kama msasi wa kitabuni, ndipo baba akajitupa katikati, akang'atwa kidole, kabla jirani yetu mfugaji, Mzee Lubasha, hajamuua mnyama yule kwa fimbo. Babu alipiga simu kumsihi akachomwe sindano za kichaa cha mbwa, baba akasema mitihani ya darasa la saba ikiisha atakwenda. Aliugua tarehe 6 Septemba, akawa anaogopa hata kikombe cha maji, na alfajiri ya tarehe 10, siku wanafunzi wake walipoingia kwenye mtihani, alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani, na Mzee Lubasha, ambaye wengine hapa tulikuwa hatumsalimii kwa kuwa ni mfugaji.

Watoto wa darasa lake mliokaa hapo mbele, baba alinituma kwenu, alisema, "Albina, waambie msasi hakushusha bunduki." Ukurasa nimeuchana kama alivyoagiza, lakini ninyi mnao kichwani, na huko sina namna ya kuuchana.

Pumzika kwa amani, baba, mahali ambapo maji hayakutishi.