Mama Ingia-Tena, Aliyelinda Majibu ya Wagonjwa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imemkabidhi mdogo wake mume wa marehemu karatasi hizi azisome mbele yenu, naye ameonywa na kaka yake tangu asubuhi asitie utani mwingi, onyo gumu kulitii, kwa sababu anayesomewa ni shemeji yake, na mtu na shemeji yake hawakuacha kuchokozana hata siku moja, basi akiteleza mumsamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha kazi ya baba, ambako watoto walifundishwa kutembea wakiangalia chini ili wasikanyage sindano. Baba yake alikuwa na karatasi ngumu alizozikata kwa umbo la kola, la mkono na la mfuko, akazitundika kwenye msumari, na kazi ya binti yake huyu ilikuwa kuziweka juu ya kitambaa na kuzizungushia chaki, na ni hapo, kama alivyopenda kusema mwenyewe, alipojifunza kwamba kiolezo ni kimoja na vitambaa ni vingi, na fundi anayevichanganya viwili hivyo atashona kila shati kwa kubahatisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1988, akafaulu sana hesabu na kuanguka vibaya somo la mapishi, jambo ambalo mumewe alikuja kulithibitisha bila kuhitaji cheti, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, akahitimu mwaka 1991 akiwa mpiga chapa wa kwanza darasani kwa kasi na wa mwisho kwa kunyamaza.

Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa katika hospitali kuu, ofisi ya kumbukumbu, chumba chenye dirisha moja linalotazama kibanda cha jenereta, na kompyuta zilipoletwa wenzake wakaziogopa kama mgeni asiyebisha hodi, lakini yeye zikamwingia maungoni. Mhandisi mmoja aliyekuja kuzifunga aliondoka akasahau kitabu kinene cha Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kilichokwisha nyonyoka jalada, naye akakifungua, akakuta alama za dola, nukta na mabano zimetapakaa kila mahali, mwenzake wa meza ya pili akachungulia na kusema, “Jamani, hapa kuku amepita na miguu ya tope,” marehemu akacheka na wote, ila kesho yake akarudi kwenye ukurasa uleule, na keshokutwa pia, mpaka nyayo za kuku zikaanza kusomeka.

Uongozi ulipotaka tovuti ambayo madaktari na wagonjwa wangeweza kusomea majibu ya maabara, mwaka 2001, kazi hiyo akapewa yeye, na wengi hapa mnajua matokeo yake bila kujua jinsi ilivyofanyika, kwa hiyo msomaji amejitahidi kuuliza ili aeleze. Seva, ile kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, ina tabia moja mbaya, haimkumbuki mtu, ukiiuliza inakujibu, ukigeuka imeshakusahau, ukirudi inakuuliza tena wewe ni nani, basi marehemu akaandika programu inayompa kila aliyeingia kwa neno lake la siri namba ambayo hakuna awezaye kuibuni, na kumwekea kwenye seva droo yenye namba hiyo, ili kila ukurasa atakaofungua ujue unasema na nani, na hicho ndicho walichokiita kikao. Mtu akikaa kimya muda kidogo, kikao kinafungwa, na ukurasa unamwambia kwa adabu, “Tafadhali ingia tena,” na madaktari waliokwenda kunawa mikono na kurudi wakakuta wametolewa nje ndio waliompa jina ambalo sote tumemzoea nalo, Mama Ingia-Tena.

Daktari bingwa wa upasuaji, mtu ambaye wauguzi humpisha ukutani, aliteremka mwenyewe hadi chumba cha kompyuta kulalamika kwamba yeye hajatoka hospitalini, kwa nini anatolewa, naye marehemu akamvutia kiti, akamjibu, “Wewe hujatoka, daktari, ila meza yako umeiacha wazi, na mgonjwa wako amelala juu yake bila shuka.” Bingwa akapanda ngazi kurudi alikotoka, na hakuleta tena lalamiko hilo.

Maneno ya kurasa hakuyachanganya na programu, aliyaweka kwenye violezo vyake peke yake, akamkabidhi karani wa mapokezi ayarekebishe apendavyo, na wataalamu waliokuja kukagua walipomcheka kwa kumpa karani kazi hiyo, aliwaambia kwamba namna ya kusema na mgonjwa inajulikana na yule anayekaa naye, na kwa kweli ni karani aliyefuta “Huna ruhusa” na kuandika “Samahani, hapa si mahali pako, rudi mwanzo tukuelekeze.”

Kabla ya hayo, tarehe 8 Agosti 1998, marehemu alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza nyaya za chumba kile, akamaliza kazi, akarudi kuikagua, akarudi tena kuukagua ukaguzi, mpaka mama yake mzazi akamwuliza ni umeme gani huo usiopona, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti wa kwanza ambaye leo ni mkunga kama bibi yake, binti wa pili ambaye ni mwalimu wa hesabu, na kitinda mimba wetu aliye sekondari, ambaye mama yake alimwita bosi.

Sasa tunafika mahali ambapo familia yenyewe ilipasikia wiki hii tu, kutoka kwa mama mwoka mikate aliyeketi pale mbele karibu na binti zetu, naye ndiye aliyetuomba yasomwe, kwani marehemu hakuyasema kwa mtu nyumbani, hata kwa mumewe kitandani. Mwezi Juni mwaka 2006 tovuti ilikuwa imezidiwa, akaibadilisha ili iende kasi, maana zamani programu ile ilikuwa kibarua wa kutwa, inaitwa, inafanya kazi moja, inaondoka na kila kitu chake, na baada ya mabadiliko ikawa mhudumu anayekaa mezani siku nzima, anapokea huyu na kumpokea yule bila kuondoka, jambo jema, isipokuwa kwamba palibaki sahani moja ambayo marehemu alisahau kuamuru iondolewe mezani. Mgeni mpya akija na chakula chake tayari, sahani ilijazwa upya na hakuna aliyejua, lakini akija ambaye majibu yake hayajafika kutoka maabara, alipewa sahani ya mgeni aliyemtangulia, yaani majibu ya mtu mwingine.

Wa kwanza kulalamika alikuwa dereva wa lori, mwanamume mwenye ndevu zake, ambaye ukurasa wake ulimpongeza kwa ujauzito, na ukumbi mzima wa mapokezi ukavunjika mbavu, na yeye dereva akiuliza kliniki ya wajawazito iko ghorofa ya ngapi, kila mtu akacheka siku hiyo ila Mama Ingia-Tena, aliyeketi akauma kucha, kwa sababu ujauzito wa dereva ulijulikana kuwa uongo kwa kumtazama tu, lakini ikiwa kuna mwingine aliyepewa majibu ya mtu mwenye afya naye ni mgonjwa, ni nani angemtazama akajua?

Alifunga tovuti pale pale bila kumwomba mtu ruhusa, akapekua kumbukumbu za vikao, akitafuta yeyote aliyefungua ukurasa kabla majibu yake hayajafika, akampata mmoja, mwanamke aliyesoma kwamba hana tatizo, akaenda zake kwa furaha na hakurudi kliniki, wakati majibu yake halisi yalifika kesho yake na yamekaa hapo hayajasomwa na mtu. Mkurugenzi wa wakati ule alishauri watangaze hitilafu ya mitambo na kumsubiri mwanamke huyo arudi mwenyewe akizidiwa, marehemu akamjibu kwamba akizidiwa ndiyo atakuwa amechelewa, akachukua mkoba wake, akatoka.

Faili halikuwa na simu, lilisema tu ni mwoka mikate, anakaa nyuma ya kinu cha kusaga, na vinu upande ule ni vingi, kwa hiyo alibisha kila kimoja akiuliza bila kutaja hospitali wala ugonjwa, mpaka wasagaji wakaamini anadai mtu fedha, wakamficha yule anayemtafuta, na mwishowe alimkuta kwa kufuata harufu ya mikate, amesimama mbele ya tanuri na unga hadi viwikoni. Mama mwoka mikate anasema mgeni wake hakukaa, alisimama mlangoni, akasema, “Dada, majibu uliyosoma si yako. Yako sijayafungua na sitayafungua, sijui yanasema nini, lakini nakuomba twende sasa hivi, na kosa ni langu mimi, si la kompyuta.” Unga haukuumuliwa siku hiyo. Walikwenda pamoja, mmoja akaingia kwa daktari, mwingine akabaki kwenye benchi la nje, na daktari alisema ugonjwa ule umewahiwa, ungepewa miezi zaidi usingewahiwa, na mtu mnayemwona pale mbele ndiye huyo, mzima, ametokwa na machozi lakini mzima.

Marehemu alipewa barua ya onyo kali, akaitia sahihi bila kubisha, kisha akaandika upya programu yote ili kila mgeni akute meza imefutwa, na akamwomba karani atie juu ya kila ukurasa wa majibu maneno haya, “Kwanza hakikisha jina hili ni lako,” na tangu hapo hakuna aliyesoma ya mwenzake. Mwoka mikate akawa anakuja kwetu kila Jumamosi, tukaambiwa ni rafiki, basi, na kaka alipodadisi urafiki umeanzia wapi, alijibiwa, “Kazini,” na mlango ukafungwa.

Mwezi Februari mwaka 2023 marehemu alianza kuumwa mgongo, akadharau, kisha akachoka, akapimwa katika hospitali yake mwenyewe, na majibu yalipofika muuguzi alikuja kukaa kando ya kitanda ampashe taratibu, lakini yeye akaomba aletewe kompyuta, akaandika neno lake la siri, akafungua ukurasa aliouandika kwa mikono yake. Binti yake mkunga alikuwa amesimama nyuma, anasema macho ya mama yake hayakuteremka kwenye majibu, yalibaki juu, akasoma jina herufi kwa herufi, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akashusha pumzi, akasema, “Ni yangu,” na ndipo aliposoma kwamba ana saratani ya kongosho. Binti alianza kulia, na mama akamshika mkono, akamwambia, “Usilie bado, mwanangu. Angalau hakuna mtu mwingine anayeyasoma haya leo akidhani ni yake.”

Aliugua kwa subira, akagombana na wauguzi kwa sababu ya neno la siri lililobandikwa ukutani, akashinda, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 19 Septemba 2023, mumewe akiwa ameushika mkono wake, alituacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, watu wa maabara waliomwambia ukweli wote kama alivyotaka, majirani waliotulisha na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kompyuta, na karani wa mapokezi, sasa mstaafu, aliyetusaidia kuandika karatasi hizi. Kwako mama mwoka mikate, kaka ameomba neno hili lisomwe kama alivyolisema, kwamba aliishi na mwanamke huyu miaka mingi akidhani anamjua, na wewe umemletea sehemu ya mkewe ambayo hakuwa nayo, na kwamba yeye hamlaumu mkewe kwa kumficha, kwa sababu siri ile haikuwa yake, ilikuwa yako.

Shemeji, tumehakikisha jina, tumesoma yako na si ya mwingine. Pumzika sasa.