Mashine Iliyovikwa Nailoni

Treni ilipoondoka, msusi alimgeukia muuza nyama aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua hata kwa sura, akaanza kutamba.

"Mashine yangu ya kupokea malipo ya kadi niliivika nailoni isichafuke kwa rangi ya nywele. Kadi ikawa haiingii, nachapa namba za kadi kwa mkono. Kumbe ukichapa, benki inakata ada zaidi! Juzi nimeivua, makato yameshuka nusu, kaka yangu. Nusu!"

"Wizi wa benki ni wizi tu, uivue usiivue," alisema muuza nyama. "Afadhali kuitupa."

"Na wateja utawatupa wapi?" Msusi alicheka mpaka behewa zima likageuka, ushindi haufichiki.

Treni ikasimama. Muuza nyama akainuka, akasita mlangoni.

"Yangu pia nimeivika nailoni, kwa sababu ya damu ya nyama," alisema. "Hiyo ni kesi nyingine, dada."