Mama Rudia, Msusi wa Filamu Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tulinyonya ziwa moja, nimepewa na familia jukumu la kusoma historia hii.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Rudia, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, binti pekee wa marehemu baba yetu, fundi bomba, na wa mama yetu mzazi, aliyeketi hapa mbele.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979 na kumaliza sekondari mwaka 1989, ambako walimu walimsifu kwa insha ndefu na kumlaumu kwa kuwaandikia na wenzake, kisha akajifunza ususi, na tarehe 1 Februari 1993 akafungua saluni ya viti vitatu mkabala na posta.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja na mapacha wa kiume.

Mwaka 2004 mteja aliyekuwa akihama alimwachia kamera ndogo ya video, na tangu hapo saluni haikupoa, wateja wakawa waigizaji, taulo zikawa mapazia, na mtu aliyekuja kusuka tu aliondoka akiwa amekufa kwa sumu mara nne, maana marehemu hakuridhika upesi, na neno lake mnalijua, lililompa jina: “Rudia!” Shemeji alishona sare moja ya polisi, ikamkaa yeye peke yake, basi amekamata watu katika kila filamu, yeye asiyeweza kumfukuza hata kuku jikoni. Hakuna kampuni iliyosambaza kazi zile, dada alizinakili mwenyewe kwenye diski, akazitembeza kikapuni mlango hadi mlango, na diski zilipopitwa na wakati akawawekea watu kwenye simu zao wakiwa wanasubiri nywele zikauke. Aliyenunua alitembelewa wiki iliyofuata na kuulizwa alisinzia wapi, kisha dada akaenda kukata kipande hicho.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022, hata hivyo mwaka jana akaanza filamu ya kumi na mbili, akiwaelekeza waigizaji kwa simu kutoka kitandani, na alimwambia daktari waziwazi kwamba kufa hakumtishi, kinachomtisha ni kuiacha picha nusu. Kilibaki kipande kimoja tu, watu wakicheza na kucheka harusini, kilichopangwa Jumatano tarehe 5 Machi 2025. Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 3, alfajiri.

Hapo tuligawanyika, wajomba walisema ni aibu kucheka na marehemu hajazikwa, shemeji akasema hana nguvu hizo, mama akatusikiliza wote, kisha akasema yeye ndiye aliyemzaa, anajua kilichokuwa kinamuuma, tukachukue kamera. Jumatano tukajaa saluni, macho yamevimba, binti yake akarekodi, mama akaketi mahali pa mama wa bibi harusi, shemeji akaingia na sare yake akacheza, na kwa kuwa hajui kabisa kucheza, tulicheka, kicheko cha kweli, nami sijui kama nitawahi kucheka vile tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliokubali hata kupita nyuma ya kamera wakijifanya wana haraka, tunawashukuru wasusi wenzake na wateja waliokufa kila walipoombwa, na majirani, ambao kwa miaka ishirini walikimbilia mayowe ya kuigiza, na Jumatatu yalipokuwa ya kweli wakaja kwa mbio zilezile. Hatuna cha kuwalipa.

Dada, jana mama aliitazama picha yako mwanzo hadi mwisho, akasema ni nzuri. Hakuna kilichobaki, pumzika kwa amani.